Mpishi Hula Kwanza

Asubuhi ya siku ya mia moja hamsini na tatu tangu chombo cha anga Mbayuwayu kirushwe, nilitoka chumbani kwangu hadi jikoni, mwendo wa hatua mia mbili juu ya kokoto, nikiwa nimevaa ndala moja. Ya pili niliiacha mlangoni na sikujua. Ni Gwandu, mwenzangu wa jikoni, aliyeniuliza kama siku hizi ndio mtindo wa Mbulu. Nikaangalia chini, nikaona mguu wa kushoto uko peku na kidole gumba kinavuja damu.

Nilicheka kwa kuwa yeye alikuwa anacheka. Kisha nikaukanyagisha ule mguu kwenye sakafu ya saruji kwa nguvu, mara ya pili, mara ya tatu. Kishindo nilikisikia kwa masikio. Kwa mguu sikusikia kitu. Hapo nikavuta kiti nikakaa.

Mimi ni mtaalamu wa lishe wa Kituo cha Anga cha Balangida. Kila kijiko wanachokula watu wanne walioko huko juu, wakielekea Mirihi, kimepita kwanza kinywani mwangu. Sheria hiyo imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa jiko, MPISHI HULA KWANZA, na niliileta mwenyewe. Nyumbani kwetu anayemletea mgeni kinywaji hupiga funda moja mbele yake, ili mgeni anywe kwa amani. Basi nami nilianza kula chakula chao siku kumi na mbili kabla hawajaondoka, na tangu siku hiyo sijatia kitu kingine mdomoni, si ndizi, si chai. Wageni wa Kituo walikuwa wakiomba kupiga picha nami. Sitasema uongo, nilipenda.

Chakula chenyewe tunakiita uji hai. Ni chachu iliyobuniwa maabara, unailisha unga wa mwani na maji, nayo inakupa protini, mafuta na vitamini zote ambazo mwili unazitaka. Kila mwanaanga ana chombo chake cha chuma chenye taa ndogo ubavuni. Taa ikiwa ya kijani, vitamini zimo. Vyombo hivyo wenyewe walivipa jina la vibuyu, na kosa la jina hilo nalo ni langu, kama nitakavyoeleza.

Gwandu ndiye mlezi wa chachu. Amenizidi miaka kumi, mtu mpole, kazi yake anaifanya kwa kunusa kama mama mkwe anayekagua jiko la watu. Nilimwambia mguu umekufa ganzi kwa baridi tu. Ili nibadilishe mazungumzo nikamsimulia jinsi dada yangu Hhawu alivyokuja jana na kikapu cha mapera, tukakaa kwenye benchi nyuma ya stoo mpaka kivuli kikafika ukutani, akanilaumu kwamba nimekonda.

Gwandu aliacha kukoroga.

"Dokta," akasema, "jana tulikuwa wote humu tangu asubuhi hadi saa kumi na moja. Hakuna aliyekuja."

Nilikasirika. Harufu ya mapera nilikuwa bado ninayo puani. Nikapiga simu getini, wakasema hakuna mgeni wangu kwenye daftari. Nikampigia Hhawu mwenyewe. Alikuwa Dongobesh, goti limemvimba, hajatoka nje ya boma mwezi mzima. Akaniuliza kama niliota.

Sikuwa nimeota. Nilikuwa nakumbuka, na hilo lilinitisha kuliko mguu. Ugonjwa huo naujua, nimeufundisha darasani. Mtu akikosa vitamini B1 miguu hufa ganzi kwanza. Kisha macho hayatulii. Kisha kichwa kinaanza kupoteza vipande vya kumbukumbu, na kwa kuwa hakipendi matundu, kinayaziba kwa hadithi. Mgonjwa hasemi uongo. Anakueleza alichokiona, na kwa jinsi anavyokieleza vizuri unaweza kumwamini.

Nami nilikuwa nakula wanachokula wao.

*

Taa ya kibuyu cha jikoni, kinacholelewa sawasawa na vya kule juu, ilikuwa ya kijani. Tulikipima upya, kijani. Nesi wa zahanati akanitoa damu, mashine yao ikasema B1 mwilini mwangu karibu haipo. Tukapeleka uji kwenye mashine kubwa ya maabara, ile inayochukua saa tatu na kunguruma muda wote, nami saa zote hizo nilikaa nikijifinya nyayo.

Jibu lilipotoka, Gwandu alilisoma akanipa karatasi. Chachu ilikuwa bado inatengeneza kitu, lakini si B1. Ilikuwa inatengeneza pacha wake wa bandia. Ukitaka kuelewa, fikiria mbegu iliyochemshwa. Unaipanda, haioti, na shimo limeshajaa, kwa hiyo hata mbegu nzima ikija haina pa kukaa. Taa ya kibuyu huhesabu mashimo yaliyojaa. Haijui kuchungulia ndani.

Imekuwaje? Hapa ndipo ninapotamani ardhi ipasuke.

Wahandisi wa mwanzo walitaka chombo kibebe jokofu lenye mirija ya chachu mama, ile ya kwanza kabisa, iliyogandishwa. Kila siku kumi na tano kibuyu kioshwe, kianzishwe upya kutoka kwa mama, maana chachu huzaliana mno, na kila kizazi kina makosa yake madogo. Jokofu lilikuwa na uzito wa kilo kumi na moja. Mimi nikasimama mbele yao na kibuyu halisi cha marehemu mama yangu. Nikawaambia hiki kiligandisha maziwa miaka ishirini na sita. Siri ni moja tu: usikimalize, bakiza kidogo chini, kilichobaki kitagandisha kinachokuja. Walipiga makofi. Jokofu likatolewa. Kwenye mwongozo wa chakula, ukurasa wa kwanza, nikaandika kwa mkono wangu: BAKIZA KIDOGO.

Sikuwaambia, kwa kuwa sikukumbuka, kwamba mama alitia maziwa mapya ya ng'ombe kila siku, alikifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto, na maziwa yakiharibika yalinuka na mbwa wakanywa. Chachu hii imeharibika bila kunuka, tena kwenye mionzi ya anga ambayo haina huruma na kiumbe mdogo. Nilipeleka methali mahali palipohitaji kipimo.

Nesi alinichoma sindano ya B1 mchana ule. Akasema ganzi huenda ikatoka, macho yatatulia. Kuhusu kumbukumbu hakusema kitu. Alifunga mkoba wake taratibu, akaniambia nipumzike.

Wale wanne hawakuwa na nesi wa kuwachoma. B1 nyingine waliyokuwa nayo ilikuwa kwenye akiba, paketi mia moja na themanini za chakula kikavu cha kawaida, paketi moja kwa mtu mmoja kwa siku nzima. Ukigawa kwa wanne unapata siku arobaini na tano. Zilibaki siku tisa wafike Mirihi, na hata wakigeuza bila kutua, nyumbani ni miezi minane. Akiba haiwafikishi popote. Lazima wapate chachu nzima, na mama aliyegandishwa alikuwa hapa chini, kwenye jokofu la Gwandu, hatua sita kutoka kiti nilichokalia.

"Mama zetu maziwa yakiharibika walifanyaje?" Gwandu akauliza.

"Waliazima kwa jirani."

"Basi kule juu kuna majirani wanne."

Alikuwa na hoja. Kwa ajili ya usafi nilikuwa nimekataza mtu asichote kibuyu cha mwenzake. Kwa hiyo kule juu kulikuwa na koo nne za chachu ambazo hazijachanganyika hata mara moja, na kila ukoo umeharibika kwa wakati wake. Huenda mmoja bado ni mzima. Lakini taa zote nne zilikuwa za kijani. Cha kutuonyesha kilikuwa kimoja tu, mwili wa binadamu. Tumtafute mwenye miguu inayohisi, kibuyu chake ndicho wenzake waazime. Wakati chachu inaiva, kwa wiki nzima, wao watakula akiba.

Tukikosea kibuyu, hatutajua tumekosea mpaka miguu yao ituambie, na wakati huo akiba itakuwa imekwisha.

*

Mkurugenzi wetu, Bi. Msofe, ni mama asiyepandisha sauti. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaagiza ujumbe upelekwe kama ukaguzi wa kawaida wa afya. Kila mmoja aandike amelala vipi, miguu ikoje, jana kulikuwa na nini. Ujumbe unachukua dakika tisa kufika, dakika tisa kurudi. Tulikaa.

Jibu la kwanza kurudi lilikuwa la Kamanda Kyando, mtu wa Makete, mtaratibu kiasi kwamba hata utani wake anautolea taarifa kwanza. Aliandika kuwa yote ni mema na miguu ni mizima. Jana walisherehekea siku ya kuzaliwa ya daktari wa chombo, Shamsa, wakaimba, Shamsa akalia kwa furaha, na mchele ulikuwa umeiva vizuri. Kwenye Mbayuwayu hakuna mchele. Shamsa amezaliwa mwezi wa kumi na moja, na sasa ni wa nne.

Shamsa mwenyewe hakutaja sherehe. Alilalamika kuwa hakulala kwa sababu mvua ilivuja darini, akakinga beseni.

Bi. Msofe alilisoma mara mbili kwa sauti ya chini, kisha akavua miwani yake akaikunja.

Rubani, Nyamizi, aliandika aya tatu safi. Hakuna sherehe iliyofanyika, kamanda hajatoka kwenye kijumba chake siku mbili, yeye miguu yake haina tatizo, na uji wa jana ulikuwa mtamu kama siku zote. Nyamizi ni mtoto wa Tabora, mwandishi wa ripoti nzuri. Tangu mafunzoni nilimpenda.

Wa mwisho alikuwa Rwegasira, fundi wa chombo na mtunza stoo. Yeye tangu kijiko cha kwanza alikuwa akinikunjia uso. Aliandika mstari mmoja: "Miguu ipo. Uji bado unanuka."

Nikawaambia bila kusita kwamba mzima ni Nyamizi na tuchukue kibuyu cha Nyamizi. Nilikuwa na hakika kabisa.

"Hakika hiyo umeitoa wapi?" Gwandu akaniuliza. "Kwenye ushahidi, au kwa sababu anausifu uji wako?"

Asubuhi ileile nilikuwa na hakika ya mapera pia. Niliinama mbele yao, nikaanza kuupapasa ule mguu uliokufa ganzi. Kama hakika yangu haina thamani tena, basi ninafikiri kwa kutumia nini?

Ni katika kuupapasa huko nilipopata wazo. Kule juu hakuna anayetembea. Ili mtu asielee ovyo anapofanya kazi, anaingiza miguu chini ya mabomba ya chuma yaliyopita sakafuni, akajibana kwa sehemu ya juu ya mguu. Mwenye kuhisi akichoka anahamisha mguu. Asiyehisi atajisugua mpaka nyama. Basi tusiwaulize. Wavue soksi mbele ya kamera. Kichwa kinaweza kutunga hadithi, ngozi haiwezi.

*

Bi. Msofe alikubali, lakini kwa masharti yake. Agizo lipelekwe jioni ile: kesho saa tatu asubuhi wote wanne wawe mbele ya kamera, miguu mitupu, kila mtu na kibuyu chake mkononi, ukaguzi wa kawaida. Atasoma maelekezo yeye mwenyewe. Hatataja ugonjwa, na hatataja ni nani aliyekosea.

Nikamuuliza kwa nini. Alinieleza kwa upole kuliko nilivyostahili. Watu wale wana siku tisa wafunge breki kuingia mzunguko wa Mirihi, kazi isiyokubali kosa la sekunde tatu. Wanalofanya wanalifanya kwa kuwa sauti ya kutoka chini inawaambia wafanye. Ukiwaambia leo kwamba sauti hiyohiyo imewalisha kilichowaharibu, na kwamba wasiamini vichwa vyao, ni nani atakayetii kesho? Mtu mwenye akili timamu akiogopa ni hatari. Hawa je?

"Niache mimi niwaambie," nikasema. "Chakula ni changu."

"Wewe ni mgonjwa, Dokta. Jana umekula mapera ambayo hayakuletwa. Siwezi kukupa kipaza sauti."

Na alikuwa sahihi, hilo ndilo lililoniuma. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi lile la nyuma ya stoo. Niliogopa mambo mengi kwa pamoja. Niliwaogopea wale wanne. Niliogopa uso wa Nyamizi atakapojua. Niliogopa kwamba hii hamu ya kusema ukweli ni hadithi nyingine tu ya kichwa kibovu, kinachotaka kujiona kizuri. Maana Bi. Msofe alikuwa na hoja na mimi nilikuwa na hofu, na hofu si hoja.

Gwandu alikuja akakaa upande wa pili wa benchi. Nikamwambia mimi si wa kuaminiwa tena. Akasema ni kweli, kwa leo siaminiki. Kisha akasema lakini anajua kitu kimoja kuhusu watu waliofungiwa pamoja siku mia na hamsini. Kila mmoja ana kitu anachokificha. Ukiwaletea ukaguzi bila kuwapa sababu, kila mtu atakimbilia kuficha cha kwake, hata kama hakihusiani.

"Mficha uchi hazai, Dokta," akasema. "Na huwezi kumwambia mwenzio avue wakati wewe umejifunika shuka."

*

Saa tatu kasorobo nilikuwa mlangoni mwa chumba cha mawasiliano. Bi. Msofe alikuwa ameshakaa mbele ya kamera na karatasi yake. Watu sita walikuwa kwenye meza zao. Nilivua viatu vyote viwili nikaingia. Sakafu sikuihisi, kwa hiyo niliangalia miguu nisije nikaanguka, na kila mtu naye akaitazama. Kidole gumba kilikuwa kimevimba. Pembeni ya unyayo kulikuwa na kidonda kingine ambacho sikujua nimekipata wapi.

"Mkurugenzi," nikasema, "mlangoni mwa jiko langu pameandikwa nini?"

Alijua pameandikwa nini. Aliitazama miguu muda mrefu, kisha karatasi yake, kisha miguu tena. Mlinzi wa mlango alikuwa ameshainuka anitoe, Bi. Msofe akamwashiria akae.

"Gwandu asimame karibu yako," akasema. "Ukisema kitu ambacho hakikutokea, atakukatiza. Una dakika tano."

Akaniachia kiti. Mimi sikukikalia. Niliweka mguu wa kushoto juu ya meza, mbele ya kamera, kitu ambacho mama angenichapa kwacho. Nikaongea.

Niliwaambia jina langu ni Paskalina Tluway, chakula wanachokula nimekiunda mimi, na kimenifanya hivi. Nikauonyesha mguu huku na huku. Nikawaambia kimeniharibu kichwa pia, kwamba juzi nilikaa na dada yangu ambaye hakuja. Nikawaeleza pacha bandia na taa za kijani, na ule ukurasa wa kwanza ulioandikwa BAKIZA KIDOGO. Nikasema kosa si la chombo, si la wahandisi, si lao. Ni langu, na nililipigiwa makofi.

"Msiniamini kwa maneno," nikamalizia. "Mimi nimeonyesha kwanza. Sasa nionyesheni miguu yenu, na kama kuna jambo lolote kuhusu kibuyu chako ambalo hukuliandika, liseme. Hapa hakuna wa kukuhukumu. Mimi ndiye niliyewalisha."

Gwandu hakunikatiza hata mara moja. Nilishusha mguu, tukaanza kuzisubiri dakika kumi na nane. Bi. Msofe alikuwa amefumba macho, midomo ikienda, nadhani anasali.

Picha ikaja. Wote wanne walikuwa wakitusikiliza, wakielea bega kwa bega, vibuyu mikononi. Niliziona nyuso zikibadilika kadiri maneno yangu yalivyokuwa yakiwafikia, na nilitamani kugeuka nisione. Kyando alikuwa wa kwanza kuvua, kwa kuwa ni kamanda. Juu ya mguu wake palikuwa na mfereji mwekundu, upana wa bomba. Aliutazama kama ni mguu wa mtu mwingine. Shamsa alivua, akauona wake, akaanza kulia bila sauti, machozi yakimganda machoni kama yanavyofanya huko kusiko na chini.

Nyamizi alikuwa akitabasamu. Soksi yake ilikuwa imeshikana na mguu, akaivuta tu, kwa nguvu, na ilipotoka ilitoka na ngozi. Hakukunja uso. Aliendelea kutabasamu, akiisubiri kamera imwone, mtoto wangu wa ripoti nzuri ambaye kibuyu chake ningekichagua jana kwa hakika kabisa. Niliuma mkono wangu nisipige kelele.

Akabaki Rwegasira. Alikaa na soksi zake kwa muda, kibuyu amekikumbatia kifuani. Kisha akavua. Juu ya miguu palikuwa na sugu ngumu, kavu, za mtu anayehamisha mguu akichoka. Miguu mizima kabisa.

Gwandu alinishika bega. Chumbani mtu alipumua kwa nguvu. Nami nikaanza kusema kibuyu ni cha Rwegasira, tuandike, kibuyu ni cha Rwegasira, lakini picha ilikuwa haijaisha na yule bwana alikuwa amefungua mdomo.

"Dokta, usikichague kibuyu changu kwa sababu ya miguu yangu," akasema. Alikuwa haangalii kamera. "Mimi sijala."

Aliongea kwa haraka, kama mtu anayetapika. Chakula kile kilimwogopesha. Kinapumua, kinapandisha mapovu usiku, hakuweza kukimeza kitu kilicho hai. Siku ya kumi na mbili ya safari aliacha, na funguo za stoo ni zake. Tangu siku hiyo amekula akiba, paketi moja kila siku, na kila siku akaandika kwenye ripoti kwamba amekula na amebakiza kidogo. Zimebaki paketi thelathini na tisa.

Kyando aligeuka akamtazama. Nilidhani atampiga.

"Kibuyu nilikisukuma nyuma ya ukuta wa ndani, penye baridi kali," Rwegasira akaendelea, "hakijatoka humo tangu siku hiyo mpaka leo asubuhi, sijakilisha hata kijiko. Agizo lenu la jana lilipofika nilichukua kijiko nikavizia kibuyu cha Nyamizi, nichote nijaze changu, kionekane kinatumika. Sikupata nafasi, leo asubuhi kijiko kilikuwa bado mfukoni. Nikauona mguu wako." Akatoa kijiko mfukoni, akakiachia kikaelea mbele ya kamera, kikavu. "Sijachota."

Niliinama nikashika kichwa. Thelathini na tisa. Nilikuwa nimewahesabia siku arobaini na tano, na mbele yangu nilikuwa na mtu aliyewaibia wenzake chakula cha kuwaokoa. Miguu yake haikuthibitisha chochote. Maji yamezidi unga, nikajiambia, nimewaua.

Gwandu ndiye aliyeniinua. Alikuwa ananiita, si Dokta, alikuwa ananiita Paskalina, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Haijala," alikuwa akisema. "Unasikia? Nayo chachu haijala. Ilikuwa kwenye baridi tangu siku ya kumi na mbili. Isiyokula haizaliani, na isiyozaliana haibadiliki. Ile pale kwenye kibuyu cha huyo mwizi ni mama. Ni mama mwenyewe, amelala."

Bi. Msofe alikuwa ameshachukua kalamu. Thelathini na tisa kwa wanne ni siku tisa, na paketi tatu juu. Chachu inaiva kwa siku saba. Akaizungushia hesabu hiyo duara, akaegemea kiti. Siku mbili za ziada, basi. Ndani ya siku hizo tisa kuna breki za Mirihi, na mtu pekee mwenye kichwa kizima cha kuzifunga ni yule ambaye wenzake watatu walikuwa wakimtazama kama mwizi.

Ujumbe wa kukizindua kibuyu ulikwenda. Uliandikwa na Gwandu, mimi nikaambiwa nikae. Chumba kilijaa watu na simu. Mimi nilibaki kwenye kona, miguu peku, na hofu ikanirudia kwa njia nyingine. Maneno ya Rwegasira yalikuwa yamekuja sawasawa na nilivyoyahitaji, kama kikapu cha mapera; huenda nayo kichwa changu kilikuwa kimeyatunga.

Nilimvuta Gwandu shati, nikamwomba airudishe rekodi. Hakuniuliza kwa nini. Aliirudisha, nikasikiliza, nikamwomba tena, akairudisha tena, kazi zake zote zikimsubiri. Mara ya tatu nilimshika mkono ili nijue na yeye yupo. Rwegasira akavua soksi, akaangalia pembeni, akasema hajala.